Pango la chumvi la m³ 500,000: hidrojeni kiasi gani inaingia, na umeme kiasi gani unarudi kwenye gridi?

NguzoYaGridi aliuliza:

Wakuu wa nishati, heshima zenu.

Naandaa modeli ya gridi inayotegemea jua na upepo, na nataka kuingiza hidrojeni iliyohifadhiwa ardhini kama akiba ya zile wiki ambazo jua ni hafifu na upepo umelala. Mfano ninaoufuata ni mradi wa Delta, jimbo la Utah, Marekani: elektrolaiza (mitambo inayotenga hidrojeni kutoka kwenye maji kwa umeme) za MW 220, mapango mawili yaliyochongwa ndani ya chumvi mwamba na yanayotajwa kubeba GWh 300 kwa pamoja, na jirani yake kituo cha Intermountain chenye turbini za gesi za MW 840.

Kwenye modeli nimeweka pango moja tu, la m³ 500,000, dari yake ikiwa kina cha mita 1,000 hivi. Naomba kueleweshwa:

1. Hidrojeni inayotoka kweli ni tani ngapi, na ni GWh ngapi za umeme?
2. Pango moja laweza kuendesha MW 840 zote?
3. Kwa nini kila mtu anang'ang'ania chumvi wakati visima vya gesi vilivyokwisha vipo? Sisi tuna gesi ya Songo Songo, Tanzania, siku moja itakauka.

Takwimu ninazokutana nazo zinapishana hadi mara mbili. Kwa hiyo nionyesheni njia ya kukokotoa, msinipe jibu kavu.

---

Kisimani alijibu:

Zinapishana kwa sababu mbili. Kuna wanaotaja gesi yote iliyomo pangoni na wanaotaja ile inayoweza kutolewa tu. Halafu kuna wanaotumia kWh 39.4 kwa kilo, yaani thamani ya juu ya joto, na wanaotumia 33.3, ya chini. Kama gesi inakwenda kwenye turbini, shika 33.3.

Anza na presha. Mwamba ulio juu ya pango unakandamiza kwa takriban bar 0.22 kwa kila mita ya kina. Gesi ikiukaribia uzito huo itajipenyeza kwenye chumvi na kuipasua, kwa hiyo kikomo cha juu kinachotumika sana ni bar 0.18 kwa mita. Angalia unapopimia: ni pale inapoishia kesingi (bomba la chuma linaloshika kuta za kisima) ya mwisho iliyofungwa kwa simenti, siyo katikati ya pango. Pale ndipo penye udhaifu, chuma, simenti na chumvi vinapokutana. Tuchukulie kesingi yako inaishia mita 1,000 na dari iko mita 30 hivi chini yake. Kikomo cha juu ni bar 180.

Kikomo cha chini ni kama bar 0.06 kwa mita, yaani bar 60. Chumvi si mwamba mgumu kama itale. Ikilemewa hutambaa, yaani hujongea polepole, na pango lililoachwa na presha ndogo linafinywa mwaka hadi mwaka, huku mabamba yakimeguka kutoka darini na kuangukia bomba lililoning'inia ndani. Ndiyo maana gesi ya bar 60 za mwisho haitoki kamwe. Ni gesi ya msingi. Unainunua mara moja, inabaki huko mpaka siku pango linafungwa.

Sasa msongamano. Kwa 40°C hidrojeni ina:

- bar 180: kilo 12.6 kwa m³
- bar 60: kilo 4.5 kwa m³

Ukitumia fomula ya gesi kamili bila kusahihisha utapata 13.9 kwa bar 180, umezidisha kwa asilimia 10. Hidrojeni haibanwi kirahisi kama fomula inavyodhani, na kadiri presha inavyopanda ndivyo kosa linavyokua.

Tofauti ni kilo 8.1. Mara m³ 500,000 unapata tani 4,050. Mara 33.3 ni GWh 135 za joto. Gesi ya msingi ni tani 2,250, zaidi kidogo ya theluthi moja ya gesi yote.

Ukitaka kupima kama njia hii haidanganyi, chukua pango la Spindletop, Texas: kama m³ 906,000, likifanya kazi kati ya bar 68 na 202, na hutajwa kubeba karibu GWh 270. Hiyo ni MWh 0.30 kwa m³. Letu ni 0.27 kwa upana wa bar 120 badala ya 134. Zinakwenda sambamba.

Umeme: turbini ya gesi iliyounganishwa na ya mvuke, ufanisi 55%, inarudisha GWh 74. Kuingiza tani 4,050 kulihitaji GWh 210 kwa kWh 52 za elektrolaiza kwa kilo, ongeza GWh 4 za kompresa. 74 kwa 214 ni asilimia 34 au 35. Mtu akikuletea asilimia 50, muulize ameacha mtambo upi nje ya hesabu.

---

MzeeKompresa alijibu:

Hesabu za Kisimani ni sawa. Hatari ni pale utakapochukua GWh 74, ukagawa kwa MW 840, ukaandika "saa 88". Hazipo hizo saa 88.

Pango halifunguliwi kama bomba la bafuni. Ukishusha presha kwa kasi, gesi iliyobaki ndani inapoa kwa sababu inatanuka yenyewe, ukuta wa chumvi unapoa nao, unasinyaa na kupata nyufa ndogo. Kwa hiyo wabunifu huweka kikomo cha kushusha, na kinachotumika sana ni karibu bar 10 kwa siku. Thamani halisi hutoka kwenye uchunguzi wa sampuli za chumvi ya eneo husika, lakini kwa modeli anza na 10.

Bar 120 za matumizi kwa bar 10 kwa siku ni siku 12. GWh 74 kwa siku 12 ni MW 257. Basi. Kuendesha MW 840 kwa mfululizo unahitaji mapango matatu na kitu, sema manne. Ndani ya saa chache unaweza kuzidisha, mradi wastani wa siku haupiti kikomo, lakini usiliandikie pango moja MW 840 kwa siku tatu na nusu.

Kwa hiyo modeli yako iwe na vikomo vitatu tofauti: nishati (GWh), nguvu ya kutoa (MW) na nguvu ya kuingiza. Wengi huweka kimoja wakaona wamemaliza. Cha kuingiza kinatawaliwa na elektrolaiza: MW 220 kwa kWh 52 ni tani 4.2 kwa saa, karibu tani 100 kwa siku. Kujaza tani 4,050 ni siku 40 zikifanya kazi bila kupumzika, na kama jua na upepo vinakupa 40% ya muda, ni siku 100. Umeona sasa tabia ya mtambo huu. Unajazwa kwa miezi, unatoa kwa wiki. Kwa kazi ya kubeba jua la mchana mpaka saa mbili usiku, nunua betri.

Kompresa. Elektrolaiza nyingi hutoa gesi kwa bar 30, unataka 180, uwiano ni 6. Kwa hatua mbili kila moja inabeba 2.45, na gesi ikiingia na 40°C itatoka na 131°C kwa hesabu safi isiyo na hasara. Kanuni ya kompresa za pistoni kwa gesi yenye hidrojeni nyingi ni isizidi 135°C, kwa hiyo umebakiwa na nyuzi nne, na siku vali moja ikianza kuvuja mashine inajizima. Weka hatua tatu, kila moja 1.8, na kipoza katikati. Utatoka na 100°C hivi na matumizi ya karibu kWh 1 kwa kilo. Pistoni ziwe za kutotumia mafuta, vinginevyo unapeleka mafuta pangoni na yatarudi kukusumbua kwenye vikaushio. Kompresa za mzunguko, zile zinazotumika kwenye mabomba makubwa ya gesi asilia, hapa hazifurukuti. Hidrojeni ni nyepesi mno, kila gurudumu linaongeza presha kidogo sana.

Upande wa kutoa: gesi inatoka na unyevu, kwa sababu chini ya pango kuna dimbwi la maji ya chumvi lisiloisha. Tegemea gramu 3 hadi 10 za maji kwa kila kilo, na zinaongezeka presha inaposhuka. Kuikausha kwa glaikoli, kimiminika kinachofyonza maji, kunatosha kwa turbini. Kwa seli za mafuta, zile zinazogeuza hidrojeni kuwa umeme bila kuichoma, utahitaji vikaushio vya chembechembe, vile vya kufyonza unyevu.

Mtu aliyezoea gesi asilia atataka kuweka hita kabla ya vali ya kupunguza presha ili isigande. Kwa hidrojeni hazina kazi. Yenyewe ikipita kwenye vali hiyo kwa joto la kawaida inapata moto kidogo badala ya kupoa.

Jambo moja kuhusu turbini za Intermountain: zimeundwa kuanza na 30% ya hidrojeni na kufika 100% ifikapo 2045. Hiyo 30% ni ya ujazo. Kwa nishati ni kama asilimia 11 tu, maana m³ moja ya hidrojeni ina chini ya theluthi ya nishati ya gesi asilia. Usije ukapunguza hewa ukaa kwa 30% kwenye jedwali lako.

---

NguzoYaGridi aliandika:

Asante sana wakuu. Kweli nilikuwa nimeandika saa 88, nimefuta.

Kisimani, hilo pango lenyewe linachongwaje? Nimeweka miaka miwili ya ujenzi bila kujua natoa wapi. Na maji yanatoka wapi katika jangwa kama Utah?

---

Kisimani alijibu:

Miaka miwili si mibaya kwa kuchonga peke yake. Ongeza mwaka wa kuchimba kisima, kupima, na kujaza gesi ya kwanza.

Unachimba kisima kama cha mafuta, unashusha kesingi hadi ndani ya chumvi, unafunga kwa simenti iliyochanganywa na maji ya chumvi iliyokolea (ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huyeyusha chumvi pembeni ya kesingi, ukabaki na njia ya kuvujia kabla hata hujaanza). Kesingi ya mwisho ichomelewe au iwe na viungio vya nyuzi zinazoziba chuma kwa chuma. Nyuzi za kawaida zinazoziba kwa grisi hazifai.

Halafu unaning'iniza mabomba mawili, moja ndani ya lingine. Maji baridi yanashuka kwa moja, maji ya chumvi yanapanda kwa jingine. Maji yakishuka kwa bomba la ndani na kutokea chini, pango linapanuka chini. Ukigeuza mwelekeo, linapanuka juu. Umbo linatengenezwa kwa kugeuza na kwa kupandisha au kushusha mabomba. Juu kabisa, kati ya kesingi na bomba la nje, unaweka nitrojeni au dizeli. Inaelea juu ya maji na kuyazuia yasiguse dari. Ukiipoteza hiyo hata kwa siku chache, maji yatakula chumvi kuzunguka mwisho wa kesingi, na hapo umelipoteza pango, maana sehemu hiyo hairudishiki. Kila baada ya hatua unasimamisha, unashusha sonari, unachora umbo, unalinganisha na mchoro.

Kuhusu kiasi: m³ 1 ya pango inahitaji karibu m³ 8 za maji. Kwa 500,000 ni m³ milioni 4. Kwa kasi ya m³ 250 kwa saa ni saa 16,000, karibu miezi 22 bila kusimama. Utatoa tani milioni 1.08 za chumvi, na hapo ndipo miradi mingi inapokwama: sio kuyapata maji, ni kuyatupa. Unayapeleka kiwanda cha kemikali, baharini, kwenye visima vya kina, au kwenye mabwawa ya kukaushia kama jangwani. Linganisha na maji ya elektrolaiza yenyewe, lita 10 hivi zilizosafishwa kwa kilo, kwa hiyo m³ 40,000 kwa kulijaza pango mara moja. Watu hupigia kelele maji ya elektrolaiza, kumbe uchongaji wa pango moja unakula maji ya kulijaza hidrojeni mara 100.

Chumvi isipokuwa safi, takataka zisizoyeyuka zinarundikana chini, nazo zinavimba zikilegea. Chumvi yenye asilimia 20 ya udongo inakuachia pango dogo kuliko ulilolipia.

Gesi ya kwanza ndiyo hatua ya hatari. Pango limejaa maji ya chumvi. Unasukuma gesi kutoka juu, maji yanapanda kwa bomba lililofika chini. Maji hayo yana bar 0.118 kwa kila mita, kwa hiyo kama bomba linaishia mita 1,150, gesi inapaswa kuwa na bar 135 na zaidi kidogo ili iyasukume hadi juu. Iko chini ya 180, sawa. Lakini gesi ikifika mdomo wa bomba, itapanda kwa bomba lile lile la maji kwa kasi ya ajabu hadi mtambo wa juu ambao haukujengwa kupokea gesi. Weka kipimo cha kiwango cha maji, toboa tundu dogo mita moja juu ya mdomo ili gesi ianze kuonekana kidogo kidogo kabla ya janga, na vali ya kujifunga upande wa maji. Baadaye bomba hilo linang'olewa kisima kikiwa na presha, kazi ya watu maalumu.

Kabla ya hayo yote kuna jaribio la uvujaji: nitrojeni inashushwa hadi chini kidogo ya mwisho wa kesingi, unafuatilia mpaka wake na maji ya chumvi kwa siku kadhaa. Ukipanda, kuna inakokwenda. Nitrojeni ikishikika haimaanishi hidrojeni itashikika moja kwa moja, kwa hiyo miradi mipya inarudia jaribio kwa hidrojeni yenyewe.

---

TabakaZaChini alijibu:

Nichukue swali la tatu, la Songo Songo.

Chumvi inapendwa kwa sababu haina vinyweleo, haiguswi na hidrojeni, na ikipata ufa hujifunga yenyewe kwa ule ule mtambao ambao Kisimani ameulaumu. Na si jambo jipya: Teesside, Uingereza, wana mapango matatu yanayohifadhi hidrojeni tangu 1972, m³ 70,000 hivi kila moja, kina cha mita 350 na kitu. Wao hawashushi presha hata kidogo. Gesi ikitolewa, maji ya chumvi yanaingia kuchukua nafasi yake, presha inabaki palepale karibu bar 45, na hakuna gesi ya msingi ya kununua. Mapango ya Clemens na Moss Bluff kule Texas nayo ni ya siku nyingi. Ila yote hayo yanalisha viwanda vya kemikali na mafuta. Gridi itataka kujaza na kutoa mara nyingi zaidi, na hapo ushahidi wa miaka mingi bado haupo.

Kisima cha gesi kilichokwisha ni mwamba wa mchanga wenye vinyweleo, na ndani ya vinyweleo kuna maji, methani iliyobaki na bakteria. Kila kimoja kina bei yake.

Methani: hidrojeni ya kwanza inatoka imechanganyika, na miaka ya mwanzo unauza mchanganyiko au unajenga mtambo wa kuchuja. Gesi ya msingi ni nusu ya yote au zaidi.

Bakteria ndio wenye kisa cha kufundishia. Enzi ya gesi ya mjini, iliyotengenezwa kwa makaa na kuwa na hidrojeni kama nusu, kule Lobodice (sasa Jamhuri ya Czech) waliihifadhi kwenye mwamba wenye maji. Baada ya miezi saba karibu nusu ya hidrojeni ilikuwa imetoweka na methani imeongezeka. Haikuvuja. Vijidudu viliila pamoja na hewa ukaa na kutoa methani. Sehemu nyingine yenye salfeti, yaani chumvi zenye salfa, vijidudu hutoa hidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai viza, ambayo ni sumu na inakula chuma. Hata kwenye chumvi usijione umepona kabisa. Tabaka za anhidraiti, madini yanayokutwa kati ya chumvi mwamba, ni salfeti, na kuna bakteria wanaoishi kwenye maji ya chumvi kali.

Haina maana haiwezekani. Austria, kwenye kisima cha gesi kilichokwisha huko Rubensdorf, walianza mwaka 2023 kuhifadhi hidrojeni safi. Ni jaribio dogo lenye mwamba uliochunguzwa kwa miaka. Kwa Songo Songo, orodha ya kwanza ya maswali ingekuwa: joto la mwamba (chini ya 60°C au 70°C vijidudu hustawi), chumvi ya maji yake, salfeti, hewa ukaa kwenye gesi iliyobaki, madini ya chuma yenye salfa, na hali ya simenti ya visima vya zamani. Lakini kisima bado kinazalisha umeme wa nchi, hakuna wa kukiazima.

Kuhusu chumvi ya kwetu, nieleweke: chumvi ya Uvinza inatoka kwenye chemchemi, na ya mwambao ni ya kuanika maji ya bahari. Huwezi kuchonga pango humo. Unahitaji tabaka nene la chumvi mwamba. Kusini mwa Tanzania, bonde la Mandawa, visima vya kutafuta mafuta vilikutana na chumvi mwamba, ila imelala kwa kupishana na shale (mwamba wa udongo) na anhidraiti, hali ambayo Kisimani ameshaieleza kwa zile takataka zinazovimba. Waswahili wenzetu walioko Oman wana bahati: chumvi ya Ara ni nene, na sehemu kama Qarat Kibrit imesukumwa hadi juu ya ardhi, unaiona kwa macho.

Pasipo chumvi, kuna njia ya kuchimba pango kwenye mwamba mgumu na kulivalisha chuma, zege katikati, mwamba ukibeba mzigo. Luleå, Sweden, mradi wa HYBRIT, wa kutengeneza chuma kwa hidrojeni, ulizindua la majaribio la m³ 100 mwaka 2022, hadi bar 250. Hilo halitambai, kwa hiyo unaweza kushuka hadi bar 20 bila hofu. Lenye m³ 40,000 kati ya bar 20 na 200 lingekupa tani 490, GWh 16. Dogo, ila itale tunayo ya kumwaga.

---

Masinga_Juu alijibu:

Nawasoma kwa furaha, ila modeli ikija kutumika Kenya au Tanzania kuna swali la kutangulia: mnahifadhi nini, na mabwawa yanafanya nini wakati huo?

M³ 1 ya maji ikishuka mita 100 inatoa kWh 0.25. Zile GWh 74 za pango zima ni maji m³ milioni 300 kwa mporomoko huo. Bwawa la Masinga, mto Tana, Kenya, peke yake lina nafasi ya m³ milioni 1,560, na maji yakitoka hapo yanapita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mporomoko wa jumla ukizidi mita 100 kwa mbali. Upepo wa Turkana ukivuma usiku, unafunga mageti na kuacha maji bwawani. Umehifadhi umeme bila elektrolaiza, bila kompresa, na hasara ni mvuke wa jua tu. Rufiji, Bwawa la Nyerere lenye MW 2,115, ni vilevile kwa kiwango kikubwa zaidi.

Ujerumani na Uholanzi wanatafuta mapango kwa sababu wana majira ya baridi yenye jua dogo, mabwawa machache, na chumvi tele chini ya miguu. Ni mahesabu yao. Kwetu hidrojeni inayotokana na umeme wa mvuke wa jotoardhi unaopotea Olkaria, Kenya, usiku ina soko la maana zaidi: amonia ya mbolea. Nayo inahifadhiwa kwenye tangi la nyuzi 33 chini ya sifuri, juu ya ardhi, presha ya kawaida.

Ninakubali sehemu moja tu inayonipinga: mwaka wa ukame. Mabwawa yakikauka misimu miwili mfululizo, kufunga mageti hakusaidii. Hapo akiba isiyotegemea mvua ina thamani. Lakini pango linalotumika mara moja kwa miaka mitano lilipiwe na nani?

---

NguzoYaGridi aliandika:

Masinga_Juu umenigusa pabaya, ila ni haki. Nimeigawa modeli mara mbili: ya Utah inabaki na mapango manne na kikomo cha bar 10 kwa siku, ya kwetu inaanza na mabwawa na hidrojeni inakwenda kwenye mbolea.

La mwisho kwa MzeeKompresa: elektrolaiza nimeiruhusu kushuka hadi 0% upepo ukikatika, na kupanda tena baada ya dakika chache. Iko sawa?

---

MzeeKompresa alijibu:

Si sawa kwa zile za alkali. Weka kiwango cha chini, 10% hadi 20%, chini ya hapo zima kabisa. Uzalishaji ukiwa mdogo, gesi inayopenya kwenye utando unaotenganisha hidrojeni na oksijeni haipungui, kwa hiyo hidrojeni ndani ya oksijeni inapanda kuelekea 4%, mpaka wa kulipuka. Mitambo hujizima ikifika 2%. Za utando wa plastiki zinashuka zaidi, ila nazo si sifuri. Kuwasha kutoka baridi kuhesabie nusu saa au zaidi kwa alkali.

Na upande wa pili: oksijeni kidogo inayoingia kwenye hidrojeni iondolewe kwa kichocheo kabla haijaenda chini, la sivyo unapeleka pangoni chakula cha kutu, tena penye maji ya chumvi. Sensa ya oksijeni ikae kabla ya kompresa, na vali ya kuelekeza gesi mbaya kwenye bomba la kuchomea nje iwe kati ya sensa na kompresa. Nimeona michoro inayoiweka baada ya hatua ya mwisho. Kwa bar 180 unakuwa umechelewa.